Omba Mbili, Upate Moja

Jinja, 5 Februari 1990

Kwa Meja Gaster Wamboga, Mbale

Shemeji,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima, ila makalio yananiuma kwa vikao. Tangu wanitoe kikosini na kunitia katika ofisi hii ya mipango, nimesahau hata kufunga kamba za buti. Yule mwalimu wa hesabu wa Budondo amerudi mwilini mwangu, chaki tu ndiyo imekosekana.

Nina jambo zito, kwa hiyo kaa chini.

Unajua jeshi letu linavyoomba vitu. Kamanda anahitaji maturubai mia, anaandika mia mbili. Mkubwa wa wizarani anajua kamanda amezidisha, anakata nusu bila kusoma. Kamanda anapata mia yake na kila mtu anatabasamu. Omba mbili, upate moja: ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia, nao walifundishwa hivyo hivyo. Lakini vita hivi vya mashariki vimetuumbua. Aliyekuwa hodari wa kuzidisha alipata kupita kiasi, akauza. Aliyekuwa mgeni wa mchezo aliandika kweli, watu wake wakalala njaa. Na wizara yenyewe haijawahi kujua hata siku moja jeshi linahitaji nini.

Sasa tunabadilisha. Kwa mvua zijazo kila batalioni itaandika hitaji lake halisi, nasi tutagawa kilichomo ghalani kwa kufuata maandishi hayo. Hakuna kukata. Tunaanza na batalioni nne za upande wetu, yako ikiwemo, pamoja na ile ya Meja Bogere kule kwenye vinamasi. Mwenyekiti wetu ni Kanali Adrisi, unamjua kwa kalamu yake nyekundu. Ameapa ataifunga.

Nakuomba uwe wa kwanza kuandika kweli. Wenzako wakisikia Wamboga ameandika kweli, nao wataandika. Kama huniamini mimi wa ofisini, mwamini muko wako, kama tunavyomwita shemeji kwetu. Siku ile mlipokuja kwetu kumposa dada yangu uliniletea jogoo, nami nikamla, na kwetu Busoga kaka aliyekula jogoo wa shemeji amejifunga. Aibu ya shemeji ni aibu yake. Mchuzi wake naukumbuka mpaka leo.

Msalimie Namukose. Mwambie mdogo wake bado anakula vizuri.

Wako,
Kapteni Semei Isabirye


Mbale, 16 Februari 1990

Shemeji,

Barua yako Zubairi ameniletea mkononi. Huyu mzee ana duka la jumla karibu na msikiti, anakwenda Jinja kila wiki kununua sabuni, naye amekubali kuwa posta yetu. Ukitaka kujibu, mpe yeye.

Umesema nikae. Nilikaa, nikacheka, kisha nikaacha kucheka.

Unataka nivue nguo sokoni niwe wa kwanza, kwa sababu umeniahidi kwamba wengine nao watavua. Nilipopewa batalioni nilikuwa mgeni wa mchezo, kama unavyosema. Niliandika buti za watu wote, wala si zaidi. Kanali wako akakata nusu. Nikawa na askari wa buti na askari wa kandambili, na waasi walitufuata kwa nyayo za kandambili. Nilizika watu, Semei. Tangu hapo nazidisha, na sioni haya.

Lakini dada yako amesoma barua yako juu ya bega langu. Alisema katika nyumba yenu wewe ndiye mtoto uliyeiba karanga za mama, kisha ukaenda mwenyewe kumwambia kabla hajagundua. Akasema Semei akitoa neno, ameshalitoa. Basi nimeandika. Amekaa nami mezani akinisomea idadi ya watu, maana yeye ndiye nesi anayewachanja, anawajua kuliko mimi. Karatasi imo ndani ya bahasha hii. Maturubai, vyandarua, dawa za malaria, dizeli. Vyote ni kwa kadiri ya watu wanaopumua. Sikuongeza hata sindano.

Sajenti wangu wa ghala alinitazama kama mtu aliyeona wazimu. "Afande," alisema, "hii wanakata. Sisi tunalala wapi?" Nikamwambia huyu wa Jinja ni muko wangu.

Wakikata, nusu ya watu wangu watanyeshewa na mvua ya Aprili, na mimi ndiye nitakayekuwa nimewalaza nje. Nimeliweka jambo hili mikononi mwako.

Meja G. Wamboga


Jinja, 3 Machi 1990

Shemeji,

Imefika. Nimeisoma na nimejivuna kwa ajili yako. Kikao ni Jumatatu.

Usiwe na wasiwasi wowote. Nitahakikisha watu wako hawalali nje, hata kama Kanali ataamka vibaya. Hilo niachie mimi, mimi ndiye niliyekula jogoo.

Semei


Mbale, 11 Aprili 1990

Shemeji,

Malori yalifika jana na mvua nyuma yake. Sajenti alishusha mizigo, akahesabu, akaja kwangu na kofia mkononi. "Afande, hii kitu imekuja mara mbili."

Nilimwambia ahesabu upya. Ni kweli, kila kitu ni mara mbili ya nilichoandika. Kwa muda nilikuwa mtu mwenye furaha. Nilidhani wizara imekosea kwa faida yetu, jambo ambalo sijaliona tangu niingie jeshini. Kisha dereva akanipa habari nyingine. Alisema ghala la Jinja limebaki sakafu tupu. Gari la Bogere lilipakiwa la mwisho kwa kuwa kambi yake ni ya mbali, nalo limeondoka na maturubai machache na kisanduku kimoja cha dawa.

Sasa nifundishe, mwalimu. Mimi niliandika kweli. Bogere ananiambia kwa redio kwamba naye aliandika kweli. Ninyi mmeapa hamkati. Nani amezidisha?

Naomba kibali cha kumpelekea Bogere hiyo nusu iliyozidi. Zamani nisingeomba, ningepakia tu. Lakini kuna kanuni mpya kwamba mali haihami kutoka batalioni moja kwenda nyingine bila muhuri wa ofisi ya mipango. Nasikia uliiandika wewe ili kuwazuia wauzaji. Ni kanuni nzuri. Basi piga muhuri.

Fanya haraka. Kule kwa Bogere sasa ni maji na mbu.

Gaster


Jinja, 20 Aprili 1990

Shemeji,

Barua hii isome peke yako.

Ni mimi. Siku ya kikao, kabla hatujaingia, nilimwona Kanali Adrisi amesimama kwenye veranda akijaribu kalamu yake nyekundu juu ya kiganja cha mkono. Nikazikumbuka kandambili zako. Nikasema moyoni, anatudanganya huyu, atakata. Nikaingia chumba cha pembeni, nikaiandika upya karatasi yako, kila kitu mara mbili, ili akikata ubaki na chako. Nilifanya hivyo kwako tu. Wale wengine hawakunipa jogoo.

Tukaingia. Kanali akasoma karatasi zote nne, polepole, kisha akaifunga ile kalamu na kuitia mfukoni. "Wametuamini," alisema. "Hatukati hata kimoja." Akatia sahihi.

Ningesimama pale pale niseme. Sikusimama. Nimezunguka kambi zote nikihubiri kwamba wizara sasa ni ya kuaminiwa, kumbe asiyeamini alikuwa mhubiri mwenyewe.

Muhuri hauko kwangu. Kibali kinapita kwa Kanali, na Kanali atauliza ziada hiyo Wamboga ameipata wapi. Kuna wakubwa wanaongoja mpango huu uanguke ili warudie biashara zao. Wakijua, watasema hata mwenye mpango ni mwongo, na tutarudi tulikotoka. Nipe muda. Mwezi wa sita kuna mgao mwingine. Nitamwongezea Bogere kimya kimya, na hesabu itajirekebisha.

Funga ghala. Tafadhali usimwambie Namukose.

Semei


Mbale, 14 Mei 1990

Mdogo wangu Semei,

Usishangae naandika Kiswahili badala ya Kisoga. Ni habari ya jeshi, na habari za jeshi hunijia kwa lugha hiyo.

Wodi yangu imejaa askari. Si wa risasi. Ni malaria, ile inayopanda kichwani. Wote wanatoka kwa Meja Bogere na wanaletwa juu ya magunia ya muhogo, maana gari la wagonjwa halina mafuta. Jana alifariki kijana mmoja wa Teso. Alinishika mkono akidhani mimi ni dada yake, akaniuliza kama ng'ombe wamerudi. Unajua jinsi watu wa kwao walivyonyang'anywa ng'ombe. Nikamwambia wamerudi wote.

Koplo aliyewaleta alikaa kwenye benchi akilia bila kujificha. "Sista, dawa hapana. Turubai hapana. Sisi tunalala chini ya majani." Kisha akaniambia, bila kujua mimi ni mke wa nani, kwamba dawa zao ziko hapa hapa Mbale kwa Meja Wamboga, na ghala lake limejaa mpaka mlangoni.

Nilimwuliza Gaster alipokuwa anavaa buti. Akaendelea kufunga kamba. Nikauliza tena kama ni kweli, akasema ni kweli. Nikamwuliza anangoja nini, bei ipande? Alinitazama, akachukua kofia, akatoka. Tangu tuoane hajawahi kuniacha na swali mdomoni.

Ile karatasi ya maombi aliiandika mbele ya macho yangu na ilikuwa ya kweli. Au aliandika nyingine nilipokwenda zamu? Mimi niliolewa na maskini nikijua ni maskini. Sikuolewa na mwizi. Wewe uko penye mipango, unaona kila kitu. Niambie mume wangu amefanya nini.

Dada yako,
Namukose


Jinja, 22 Mei 1990

Dada,

Pole sana na kazi. Mungu atawapa nguvu.

Mambo ya ugavi ni marefu, hayaelezeki kwa barua. Gaster si mwizi. Mengine siwezi kuyasema kwa sasa, ni siri za kazi. Mvumilie na usimchoshe kwa maswali. Mwezi wa sita yote yatakaa sawa.

Nimempa Zubairi sukari kidogo akuletee, na kitambaa cha gauni.

Semei


Mbale, 29 Mei 1990

Kapteni Isabirye,

Nilikuomba kibali Aprili. Nikaomba tena kwa redio. Hii ni mara ya mwisho.

Unaniambia mwezi wa sita. Mbu hawana kalenda.

Ningeweza kumwandikia Kanali Adrisi leo, nikamweleza yote, nikapumzika. Sijaandika kwa sababu ya mwanamke aliyemo nyumbani mwangu. Sasa ananiwekea chakula mezani, kisha anakwenda kula chake jikoni. Ana kaka mmoja tu.

Kesho asubuhi napakia lori, nusu ya kila kitu, na mimi mwenyewe nakaa mbele na dereva. Sina muhuri. Wakinisimamisha kizuizini nitasema ni amri yangu, na kweli ni yangu. Hutasikia jina lako kutoka kinywani mwangu. Sifanyi hivyo kwa kukupenda.

Meja G. Wamboga


Mbale, 12 Juni 1990

Semei,

Safari hii nakuandikia Kiswahili kwa makusudi. Kisoga ni cha kukubembeleza, na leo sibembelezi.

Wamemkamata Gaster kwenye kizuizi, njia ya kwenda kwa Bogere. Lori zima la dawa na maturubai ya jeshi, na hana kibali. Wameandika kwamba alikuwa anakwenda kuuza. Wakafungua majalada huko kwenu, wakakuta kwamba aliomba mara mbili ya watu wake. Basi kwao kesi imekwisha: alizidisha ili auze. Mahakama ya kijeshi itakaa Jinja tarehe 25. Wanasema atavuliwa cheo na huenda akafungwa miaka mingi. Na ule mzigo wameurudisha ghalani, eti ni ushahidi. Umefungiwa kwa kufuli, na leo nimepokea wagonjwa wengine watatu kutoka kwa Bogere.

Waliniruhusu kumwona. Alisimama wima ukutani kama vijana wa kwao wa Kigisu wanavyosimama siku ya kutahiriwa, kisu kinapita na uso hautikisiki. Ni uso huo ulionifanya nimpende. Jana nilitaka kuupiga kofi. Nikamwambia, sema kitu, hata kimoja. Akasema, "Mwulize muko wangu kama yule jogoo alikuwa mtamu."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikarudi nyumbani, nikafua nguo zake, na nilipokuwa naanika nikaelewa. Nikaketi palepale chini na shati lake mkononi. Karatasi ile iliondoka kwangu ikiwa kweli, ikafika kwa Kanali ikiwa uongo, na njiani ilishikwa na watu wawili tu: Zubairi anayeuza sabuni, na wewe.

Nimemwita mume wangu mwizi, Semei. Nimemnyima hata kukaa naye mezani. Nilikuuliza amefanya nini, ukaniletea sukari.

Yule mtoto wa karanga nilimsifu mbele ya Gaster. Kwa ajili ya mtoto yule Gaster aliandika kweli, baada ya kuapa hataandika tena. Mtoto huyo yuko wapi?

Sikuombi ushujaa. Nakuomba uingie katika chumba hicho, useme idadi aliyoandika mume wangu. Basi.

Namukose


Jinja, 20 Juni 1990

Dada,

Nimekujibu mara kadhaa na kila jibu nimelichana. Yote yalikuwa na sababu nzuri. Nitakupa moja tu, ile niliyoiamini mwenyewe.

Nilisema, nikikiri, mpango utakufa. Wakubwa wale watarudi kukata na kuuza, na askari watakaokufa kwa sababu hiyo watakuwa wengi kuliko hawa. Basi afadhali mtu mmoja aumie. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, niliipiga hesabu hiyo kwa kila njia, na kila mara ilitoka sawa. Kisha nikagundua kwamba kila nilipoipiga, yule mmoja alikuwa Gaster. Sikuwahi kuweka jina langu pale nione kama itatoka.

Naogopa, dada. Nakuambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Kijana wa Teso aliyeuliza ng'ombe, sijaweza kumtoa kichwani. Sikumtaja nilipokujibu. Nilikuandikia habari ya kitambaa.

Sitangoja mahakama. Kesho nitakapofika kazini nitakwenda moja kwa moja kwa Kanali Adrisi. Nitaanza na kufuli, ghala lifunguliwe, dawa ziende kwa Bogere. Yakishatoka mdomoni hayo, nitasema mengine. Barua hii nampa Zubairi leo, na nimemwambia nikija kuidai asinirudishie. Akasema, "Bwana Semei, mimi nikipokea amana sirudishi njiani." Ningelimjua mzee huyo mapema ningemwachia na ile karatasi ya Gaster aipeleke mwenyewe.

Idadi ni ile mliyoihesabu pamoja. Naijua kwa kichwa.

Semei


Mbale, 17 Septemba 1990

Kwa Semei Isabirye, aliyeko gerezani, Jinja

Shemeji,

Umeona nimelirudia neno hilo. Nilihitaji muda.

Nimerudishwa kwenye batalioni yangu. Cheo kimebaki, ila nimepewa onyo kali kwa kuhamisha mali bila muhuri. Nimeadhibiwa kwa kanuni yako. Sikulalamika, nilikwambia zamani kwamba ni kanuni nzuri.

Ghala lilifunguliwa siku ile ile uliyoingia kwa Kanali. Bogere anasema lori lilipofika watu walilipokea kwa kulishika mabati, kama wanaoshika mnyama wasiamini kuwa ni mali yao. Kwa wengine lilikuwa limechelewa. Namukose ana majina yao. Utakapotoka atakupa, na nakushauri uyapokee bila kusema neno.

Nimesikia hukumu, miaka miwili na cheo kuondoka. Sitakudanganya kwamba nilihuzunika siku hiyo. Nahuzunika sasa. Bogere, aliyekuwepo mahakamani, amenisimulia kwamba Kanali Adrisi mwenyewe aliulizwa kuhusu ile kalamu. Akajibu mbele ya wote kwamba alipokuwa kwenye veranda alikuwa hajaamua. Aliamua alipoona karatasi ya kwanza, ambayo haikuwa yangu, na akaona mtu ameandika kitu kidogo kuliko alivyozoea. Nimelifikiri sana jambo hilo. Kama ungeiacha ile yangu ilivyokuwa, huenda nayo ingemshawishi. Huenda angekata. Hatutajua.

Mpango wako haujafa, lakini unachechemea. Wakubwa wanacheka, kama ulivyoogopa. Wiki iliyopita zililetwa karatasi za maombi mapya, na sajenti akaziweka mezani kwangu. "Afande, sasa tunaandika moja ama mbili?" Safari hii sina muko Jinja wa kunilinda wala wa kuniponza. Mwishoni nilizitia mfukoni, nikaenda mpaka kwa Bogere, tukaandika juu ya meza moja, kila mtu akitazama mkono wa mwenzake. Aliponiona nataka kuongeza dizeli kidogo kwa juu, alikohoa. Nikafuta. Kisha tukawaita wale makamanda wengine wawili waje wazisome za kwetu, nao wakaandika za kwao hapo hapo. Karatasi zote nne zikaenda katika bahasha moja.

Tumeandika moja. Malori hayajafika, na mvua za pili zimeanza.

Dada yako hajalitaja jina lako tangu Juni. Simlazimishi. Mimi na yeye tunakula meza moja tena, hilo linanitosha kwa sasa. Lakini nyuma ya nyumba kuna jogoo. Alimnunua mwenyewe sokoni akiwa kifaranga, na humlisha kabla ya kwenda zamu. Nilimwuliza ni wa sikukuu gani, akaniambia niache maswali. Juzi jirani alipata wageni wa ghafla, akaja kumnunua kwa bei nzuri. Namukose akamwambia huyu hauzwi, ana mwenyewe, ila mwenyewe atachelewa.

Nikamwambia akingoja miaka miwili nyama itakuwa ngumu kama ngozi ya buti. Akasema anajua, na kwamba utaitafuna hivyo hivyo.

Gaster